Wakili Akikosea, Nani Hulipa?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kiongozi wa darasa awasomee wenzake polepole, kisha wote wasome pamoja. Maneno magumu yameelezwa mwishoni.

 

Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya bima ya moto na bima ya gari. Bila shaka mwakumbuka jinsi bima inavyofanya kazi. Inafanana kidogo na chama cha kuzikana. Watu wengi hutoa fedha kidogo kidogo, na yule aliyepatwa na msiba husaidiwa kwa fedha za wote. Leo tutazungumza juu ya bima nyingine, ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia. Ni bima ya mawakili.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mimi si wakili. Bima ya wakili yanihusu nini?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake ni kwamba bima hiyo hulipiwa na wakili, lakini anayeihitaji siku ya hasara ni mteja wake. Mteja huyo ni wewe, unayekwenda ofisini kwake na hati ya shamba mkononi, au na karatasi za urithi wa marehemu baba yako.

Tuanze na jambo lenyewe. Fundi seremala akikosea kupima, meza itayumba, nawe utaiona siku hiyo hiyo. Daktari akikosea, mgonjwa atasikia maumivu. Lakini kosa la wakili ni kosa la kalamu. Hufichika ndani ya jalada. Laweza kulala humo miaka mitano au kumi, kama mbegu katika udongo mkavu, na mteja asijue lolote. Siku linapochipuka, shamba limekwenda, au muda wa kushtaki umekwisha.

Nitawaeleza kesi moja ya kweli iliyotokea nchini Uingereza. Nimeichagua Uingereza kwa sababu sheria za mahakama za Kenya na Tanzania zilitoka huko kwa sehemu kubwa, na kwa sababu huko habari za bima ya mawakili zimeandikwa vizuri.

Mwaka 1961 mkulima mmoja alikuwa na shamba, na mwanawe alikuwa akililima kama mpangaji. Baba alimpa mwanawe ahadi kwa maandishi. Alimwambia kwamba, kwa muda wa miaka 10, mwana ataweza kulinunua shamba hilo wakati wowote atakapotaka, kwa bei ya pauni 75 kwa kila ekari. Bei yote ilikuwa yapata pauni 22,500. Wakili aliandika hati, ikatiwa sahihi, na kila mtu akaridhika.

Lakini kulikuwa na kazi moja iliyobaki. Kwa sheria ya Uingereza, ahadi ya namna hiyo ilitakiwa kuandikishwa katika daftari la serikali, ili kila mtu ajue kwamba shamba lina ahadi juu yake. Bila ya kuandikishwa, mtu mwingine aliyelinunua shamba hakufungwa na ahadi hiyo. Wakili hakuiandikisha. Ile hati ikabaki katika jalada.

Miaka sita ikapita. Mwaka 1967 baba akabadili nia. Akaliuza shamba kwa mkewe, yaani mama wa yule kijana, kwa pauni 500 tu, ingawa wakati ule thamani yake ilikuwa yapata pauni 40,000. Mwana aliposikia, alikimbilia hati yake. Lakini hati isiyoandikishwa haikuwa na nguvu juu ya mnunuzi. Kesi ilifika hata kwa majaji wa Baraza la Malodi, ambalo wakati ule lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo. Mnamo Desemba 1980 majaji walisema kwamba yale mauzo ya pauni 500 yalikuwa halali. Shamba likawa limepotea.

Fikirini vema, ndugu wasikilizaji. Kijana huyu hakufanya kosa lolote. Alipewa ahadi, akaenda kwa mtu mwenye elimu ya sheria, akatia sahihi palipotakiwa. Kilichomponza ni fomu moja ambayo haikupelekwa. Je, atapata wapi haki yake?

Aliishtaki ofisi ya mawakili. Mawakili walijitetea wakisema, "Kosa lilifanyika mwaka 1961. Muda wa kutushtaki ni miaka sita, na umekwisha kupita." Jaji hakukubali. Katika hukumu yake alisema kwamba wajibu wa kuandikisha ile ahadi haukwisha siku ile hati ilipotiwa sahihi. Uliendelea siku kwa siku mpaka mwaka 1967, shamba lilipouzwa na kuandikisha kukawa hakuna faida tena. Kwa hiyo dai lilikuwa bado ndani ya muda, na mawakili walitakiwa kulipa fidia. Huzuni ni kwamba mwana mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Wasimamizi wa mali yake ndio waliokamilisha kesi.

Sasa twafika kwenye bima. Mahakama yaweza kusema, "Wakili, lipa." Lakini hukumu ni karatasi. Kama wakili hana fedha, mteja aliyeshinda atarudi nyumbani na karatasi yake. Wakili mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja, meza moja na karani mmoja, atalipaje bei ya shamba zima? Hata ukimuuzia viti na vitabu vyake vyote, hutafika popote. Hii ndiyo sababu ya bima ya mawakili. Humwokoa wakili asifilisike kwa sababu ya fomu moja, na humpa mteja mahali pa kupata fidia yake.

Kwa sababu hiyo nchi kadha wa kadha zimeona kwamba haifai kumwachia wakili hiari. Katika Uingereza bima hii ikawa lazima mwaka 1976 kwa mawakili wa ofisini, wale wanaoandika hati na kuwashughulikia wateja. Siku hizi kanuni zao zataka kila ofisi iwe na bima ya kulipa angalau pauni milioni 2 kwa kila dai, na pauni milioni 3 kama ofisi hiyo ni kampuni. Katika jimbo la Oregon, nchini Marekani, bima imekuwa lazima tangu mwaka 1978, ingawa majimbo mengi ya nchi hiyo hayalazimishi. Na jirani hapa, Kenya ilitunga kanuni za bima ya mawakili mwaka 2004.

Haya, na tuifungue hati ya bima yenyewe, tuone imeandikwa nini ndani yake. Kuna mambo manne ya kujua.

Jambo la kwanza ni malipo. Kila mwaka wakili huilipa kampuni ya bima. Kampuni humwuliza maswali mengi. Wafanya kazi gani? Mko mawakili wangapi? Mmepata kushtakiwa na wateja? Wakili anayeshughulika sana na mauzo ya mashamba na majumba kwa kawaida hulipa zaidi kuliko yule anayewatetea washtakiwa wa makosa ya jinai, kwa kuwa kosa katika hati ya nyumba huweza kupoteza fedha nyingi mara moja. Tena, dai likitokea, wakili mwenyewe hulipa sehemu ya kwanza, na kampuni hulipa iliyobaki. Jambo hili humfanya awe mwangalifu.

Jambo la pili ni mwaka gani wa bima utakaolipa. Hapa bima ya wakili haifanani na bima ya gari. Gari likigonga mtu leo, bima ya leo ndiyo inayolipa. Lakini kwa kawaida bima ya wakili hutazama siku dai lilipoletwa. Siku kosa lilipofanyika si neno. Kama kosa lilifanyika miaka minane iliyopita, na mteja amedai mwaka huu, basi bima ya mwaka huu ndiyo itakayoulizwa. Kwa hiyo wakili akiacha kulipa bima, hata makosa yake ya zamani, yale yanayolala katika majalada, hubaki bila kinga. Ndiyo maana kanuni za Uingereza zataka ofisi ya mawakili inayofungwa iwe na bima kwa miaka sita zaidi. Mzee wakili amestaafu, yuko nyumbani anapalilia maua yake, lakini kalamu yake ya zamani bado yaweza kuleta dai.

Jambo la tatu ni kosa gani linalolipwa. Sikilizeni sana hapa, maana wengi huchanganyikiwa. Kushindwa kesi peke yake si kosa la wakili. Katika kila kesi ya watu wawili mmoja hushinda na mwingine hushindwa. Mteja anayedai fidia lazima aonyeshe mambo matatu. Kwanza, kwamba wakili aliipokea kazi yake na alikuwa na wajibu juu yake. Pili, kwamba alifanya kwa uzembe, yaani bila ya uangalifu ambao wakili wa kawaida angekuwa nao. Tatu, kwamba hasara ilitokana na uzembe huo wenyewe.

Lile jambo la tatu ni gumu. Tuchukue kesi ya mjane mmoja wa Uingereza. Mumewe, aliyekuwa katika jeshi la anga, alikufa kwa umeme jikoni mwao mwaka 1945. Sheria ya wakati ule ilimpa mjane miezi 12 tu ya kushtaki. Mawakili wake wakachelewa, muda ukapita, na mlango wa mahakama ukafungwa. Alipowashtaki, walisema kwamba huenda kesi ile asingeishinda hata kama ingepelekwa kwa wakati. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hakuna ajuaye kwa hakika kama mjane angeshinda. Lakini alikuwa na nafasi ya kushinda, na nafasi ile ilikuwa na thamani. Kama angeshinda angeweza kupata yapata pauni 3,000. Basi akapewa pauni 2,000. Hivi ndivyo mahakama zinavyopima: nafasi iliyopotezwa hulipwa kwa kadiri ya uzito wake.

Na mara nyingine anayelipwa si mteja mwenyewe. Mzee mmoja wa huko aligombana na binti zake wawili, akaandika wosia wa kuwanyima urithi. Baadaye wakapatana. Mnamo Julai 1986 alimwagiza wakili aandike wosia mpya, ili kila binti apate pauni 9,000. Wakili akachelewa. Wiki zikapita. Mnamo Septemba mzee akafa, na wosia wa zamani ukabaki na nguvu. Mabinti wakashtaki. Mwaka 1995 majaji watatu kati ya watano wa Baraza la Malodi walisema kwamba wakili awalipe, ingawa wao hawakuwa wateja wake. Majaji waliona kwamba kama mabinti wasingelipwa, hakuna mtu mwingine ambaye angedai, maana aliyetoa kazi alikuwa kaburini.

Jambo la nne ni kosa gani lisilolipwa. Bima ni ya kosa la mtu mwaminifu. Wakili aliyeiba fedha za mteja wake kwa kusudi hatapata kujificha nyuma ya bima yake. Kama ofisi ina mawakili wawili, na mmoja ameiba bila mwenzake kujua, kanuni za Uingereza zataka bima iendelee kumlinda yule asiye na hatia, na kwa njia hiyo mteja huweza kulipwa. Lakini kama mwizi yuko peke yake, bima haitoshi. Kwa ajili ya wateja wa namna hiyo, sheria ya Uingereza ya mwaka 1941 ilianzisha mfuko wa fidia, ambao mawakili wote huuchangia. Kwa hiyo kumbukeni kwamba uzembe na wizi ni milango miwili. Ukibisha mlango usio wako, utapoteza muda.

Sasa nitasema neno juu ya kampuni ya bima yenyewe, ili msije mkashangaa. Msidhani kwamba kampuni hiyo ni rafiki wa mteja. Mwenye mkataba nayo ni wakili. Mteja humdai wakili, na kampuni huja kumtetea wakili huyo. Hutuma wakili wake mwingine, husoma kila barua, na hukataa dai lisilo na ushahidi. Tena hati ya bima humwamuru wakili aiarifu kampuni mara moja anapoona dai laweza kuja, na humkataza kukubali deni kabla ya kupata idhini yake. Kwa hiyo ukiona wakili aliyekuwa mchangamfu ghafla amekuwa mkimya, usifikiri mara moja kwamba anakudharau. Huenda ameambiwa anyamaze. Hata hivyo hana ruhusa ya kukuficha kosa lake. Kanuni za mawakili wa Uingereza zamtaka awe mkweli kwa mteja wake mambo yanapoharibika, na amshauri atafute wakili mwingine wa kumwongoza.

Na kama wakili amefilisika kabla ya kulipa? Zamani fedha za bima zingeingia katika mali yake na kugawanywa kwa wadai wake wote, kama vile mwenye nyumba na mwenye duka la karatasi, huku aliyepoteza shamba akipata senti chache. Bunge la Uingereza liliona kwamba si haki. Sheria ya mwaka 1930 ikampa aliyeumia haki ya kuzifuata fedha hizo kwa kampuni ya bima yenyewe.

Haya basi, mabibi na mabwana. Mteja afanye nini? Nina mashauri matano.

Kwanza, kabla ya kumpa wakili kazi, mwulize kwa adabu, "Mheshimiwa, je, una bima ya kazi yako?" Si tusi. Humwuliza mwenye basi kama ana bima? Wakili mwema hataona vibaya.

Pili, maagizo yako yawe kwa maandishi. Ukimwagiza jambo kwa mdomo, mwombe aandike barua ya kukubali, nawe ubaki na nakala. Siku ya dai, neno lililosemwa mlangoni halina shahidi.

Tatu, uliza tarehe. Mwulize, "Mwisho wa kushtaki ni lini? Hati hii itaandikishwa wapi, na lini?" Kisha rudi, ukaombe uione hati yenye mhuri. Usiridhike na kuambiwa kwamba kazi inaendelea. Yule mwana wa Uingereza hakuuliza mpaka mwaka wa sita.

Nne, weka stakabadhi zako zote mahali pamoja. Mfuko mmoja wa karatasi uliohifadhiwa vema una nguvu kuliko maneno mengi.

Tano, ukishuku kosa, usikae. Muda unakwenda hata ukiwa umelala. Katika Kenya na katika Tanzania, kwa kawaida dai la kuvunja mkataba lina miaka 6, na dai la uzembe usiotokana na mkataba lina miaka 3. Mtu anayengoja ili asimwudhi wakili wake aweza kupoteza haki mara mbili: ile aliyopotezewa na wakili, na ile anayojipotezea mwenyewe.

Mwisho, nataka tusiwaonee mawakili. Wengi wao hufanya kazi kwa bidii na uaminifu. Lakini aliye mwaminifu naye huchoka, huugua na husahau, na karani wake hupoteza barua. Wakili anayelipa bima kila mwaka amekiri kwamba yeye ni binadamu, na ameweka akiba kwa ajili ya yule atakayeumia. Mtu wa namna hiyo yafaa kumpa hati yako.

Juma lijalo tutazungumza juu ya namna ya kuandika wosia. Mpaka hapo, kwaherini.

Maneno ya kujifunza

Bima: mapatano ya kulipa fedha kidogo kila mara ili kulipwa unapopata hasara.
Mteja: mtu anayempa wakili kazi.
Uzembe: kufanya kazi bila ya uangalifu unaotakiwa.
Fidia: malipo ya kurudisha hasara.
Jalada: kifuniko cha kuwekea karatasi za kazi moja.
Kufilisika: kushindwa kulipa madeni.
Wosia: maandishi ya mtu ya kugawa mali yake baada ya kufa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kosa la wakili ni vigumu kulitambua upesi?
2. Yule mwana alikuwa na hati yenye sahihi. Mbona alilikosa shamba?
3. Bima ya wakili ina tofauti gani na bima ya gari?
4. Mtu ameshindwa kesi, anasema wakili wake amlipe. Mtamwuliza mambo gani matatu?
5. Wakili ameiba fedha za mteja. Je, bima yake italipa? Eleza.
6. Kila mtu atazame nyumbani kwake: hati zake za ardhi, stakabadhi na barua ziko wapi? Aje aeleze darasa amepanga kuzihifadhi namna gani.